Jiwe la Kalukuluku

Kwa mbali utadhani ni kipande cha mwamba wa kawaida, cha kahawia, kilichovunjwa kwa nyundo na kuachwa hivyo hivyo. Kisogeze kwenye mwanga. Katika nyufa zake zimetanda chembe za buluu iliyokolea, buluu ya shingo ya tausi, nyingine zikielekea ujani. Ni fuwele ndogo mno, nyingi hazizidi punje ya mchanga, lakini ziking'aa pamoja uso mzima wa jiwe huonekana umepakwa rangi jana. Hiyo ndiyo kornetiti, madini adimu ya shaba na fosfati. Wanasayansi waliijua kwanza kutoka mgodi wa Étoile du Congo, nje kidogo ya mji wa Lubumbashi, katika miaka ya 1910. Vipande vya siku zile bado vinatunzwa Ulaya na Marekani, kwenye makabati ya makumbusho na ya watu wanaokusanya mawe.

Wakusanyaji hao wana desturi nzuri: jiwe halikai bila kijikaratasi. Juu yake huandikwa jina la madini, jina la mgodi, nchi, na ikiwezekana mwaka. Kikipotea, jiwe hushuka thamani hata likiwa zuri namna gani, kwa sababu hakuna tena awezaye kuthibitisha lilitoka wapi. Kila ninaposoma maelezo ya kornetiti nasimama kwenye majina. Kornetiti imeitwa hivyo kwa heshima ya Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji aliyepita Katanga mwaka 1892. Étoile du Congo, yaani Nyota ya Kongo, ni jina la wenye kampuni. Mahali penyewe paliitwa Kalukuluku, na katika nchi ile watu walikuwa wakitoa shaba ardhini karne nyingi kabla Mbelgiji wa kwanza hajaiona. Kijikaratasi kimeianza habari katikati. Nataka tuianze mwanzoni, kwa kuwa mwanzo huo upo na unajulikana, na sehemu yake kubwa inatuhusu sisi tunaosema Kiswahili, kuanzia Tabora hadi Lubumbashi.

Ukanda wa shaba wa Katanga huanzia Kolwezi upande wa magharibi, hupita Kambove na Likasi hadi Lubumbashi na Kipushi, kisha huvuka mpaka na kuingia Zambia. Miamba yake ni tope, mchanga na chokaa vilivyotuama chini ya maji ya kina kifupi miaka milioni 800 hivi iliyopita, baadaye vikakunjwa na kupasuliwa pale mabara yaliposukumana. Shaba iliingia humo ikiwa imeshikamana na salfa. Ingebaki hivyo, kuipata kungekuwa kazi ngumu sana kwa mtu mwenye jembe na tanuru la udongo, maana salfa ni msumbufu motoni. Lakini mvua za mamilioni ya miaka ziliteremka ardhini zikiwa na hewa ndani yake, zikaiozesha ile miamba ya juu, zikaitenga salfa na kuichukua shaba. Maji hayo yalipokutana na miamba ya dolomiti, yaliituliza shaba humo kwa sura mpya. Mahali palipokuwa na fosfati kidogo ilizaliwa kornetiti. Kwingine kote, kwa wingi usio na kifani, ilizaliwa malakiti.

Malakiti ndiyo jiwe la kijani ambalo wengi wamekwisha kuliona, pengine likiwa shanga au kijisanduku cha mapambo. Ukilikata, ndani kuna pete ndani ya pete, kijani cheupe kikifuatiwa na kijani cheusi, kila pete ikiwa ni tabaka lililoachwa na maji yaliyodondoka katika pango dogo la mwamba. Ukilibeba mkononi utashangaa uzito wake: karibu asilimia 57 ya jiwe hilo ni shaba tupu. Tena ni laini, kisu cha chuma hulikwaruza. Na halina salfa. Ukilichoma hutoa maji na hewa ya kaboni, likabaki unga mweusi. Unga huo ukizidi kupata moto ndani ya makaa, hewa ya makaa huunyang'anya oksijeni, na shaba hudondoka. Kwa mhunzi wa kale hapakuwa na madini ya shaba yaliyo mema kuliko haya.

Aliyajuaje yalipo? Alisoma nchi. Sehemu kubwa ya Katanga ni msitu wa miombo, na katikati ya msitu huo vimesimama vilima visivyo na mti hata mmoja, majani tu na maua. Sumu ya shaba kwenye udongo huiua mizizi ya miti. Hustahimili mimea michache iliyoizoea, na mmoja wao, wenye maua madogo ya zambarau, wanabotania wameuita Haumaniastrum katangense, ingawa wengi huuita tu ua la shaba. Mmea huu hupenda udongo wenye shaba kiasi kwamba huota hata mahali palipokuwa na matanuru mamia ya miaka iliyopita, juu ya mavi ya shaba yaliyofukiwa na udongo. Wanaakiolojia wameutumia kutafutia viwanda vya kale: wanafuata maua, wanachimba, wanakuta makaa na vipande vya mirija ya udongo. Naona jambo hili ni kubwa sana. Mtu aliyetazama kilima kisicho na miti akaamua kwamba chini yake kuna chuma chekundu, na akawa sahihi, alikuwa mwanajiolojia, hata kama hakuna chuo kilichompa cheti.

Karibu na Lubumbashi, mahali paitwapo Naviundu, yamepatikana mabaki ya kuyeyushia shaba ya karne ya 4 hivi baada ya Kristo. Kwa hiyo, reli ilipofika mwaka 1910, kazi hiyo ilikuwa imeendelea katika nchi hiyo kwa miaka 1,500.

Jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa tunaijua vizuri kiasi, kwa sababu wazee walioifanya ujanani bado walikuwa hai mwanzoni mwa karne ya 20. Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenediktini aliyeishi miaka mingi Katanga, aliwahoji wazee wa Kisanga na kuwaomba wawashe tena tanuru mbele yake, kisha akachapisha habari zao mwaka 1926. Msimu ulianza mtama ukiisha kuvunwa, mvua zikiwa zimekatika na mashimo yamekauka. Kijiji kilihamia machimboni, wanaume, wanawake na watoto, wakajenga vibanda vya muda. Kwanza waliombwa wahenga, kwa sababu utajiri wa chini ya ardhi una wenyewe. Wanaume waliingia mashimoni na majembe na sululu za chuma walizofua wenyewe. Mwamba ulipokuwa mgumu waliwasha moto juu yake mpaka ukapasuka. Wanawake na watoto walikusanya malakiti, wakaipondaponda, wakaiosha mtoni ili udongo uende na maji na jiwe zito libaki. Wengine walikata miti na kuchoma makaa. Shimo lilipofika kwenye maji au mwamba usiopasuka, waliliacha na kufungua jingine kando yake.

Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, maana mchwa huuchagua na kuushikamanisha udongo kiasi kwamba moto mkali hauupasui. Halikuwa refu. Chini liliachiwa matundu ya mirija ya udongo, na kila mrija ulifungwa mvukuto wa ngozi. Walipanga makaa, malakiti juu yake, kisha makaa tena, wakawasha, na vijana wakashika mivukuto kwa zamu. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na joto hilo halipatikani kwa mvukuto wa mtu mvivu. Fundi mkuu hakuwa na kipimajoto. Alitazama rangi ya mwali: shaba ikiwa inatoka kwenye jiwe, mwali huchukua kijani. Alisikiliza pia mlio wa pumzi ya tanuru. Mwishowe, chini kabisa, ulikutwa mkate wa shaba yenye takataka, ukatolewa, ukayeyushwa mara ya pili katika tanuru dogo, na shaba safi ikamiminwa katika kalibu.

Kalibu iliyojulikana zaidi ilikuwa na umbo la msalaba wa mikono minne iliyo sawa. Haukuwa msalaba wa Kikristo. Ulitangulia Ukristo katika nchi hiyo kwa mamia ya miaka. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyofukuliwa na Jacques Nenquin na Jean Hiernaux kuanzia mwaka 1957, misalaba hiyo imelala pamoja na wafu. Wataalamu walipoyapanga makaburi hayo kwa umri waliona kitu cha kuvutia. Ile ya zamani ni mikubwa na michache, imewekwa kifuani kwa mtu mwenye hadhi. Kadiri karne zinavyopita inakuwa midogo, mingi, ya vipimo vinavyokaribiana, imewekwa mkononi au kiunoni, mahali mtu anapoweka fedha zake. Kwa maneno mengine, ndani ya makaburi hayo unaiona sarafu ikizaliwa. Na Sanga iko mbali na migodi, siku nyingi za mwendo kaskazini. Shaba ilikuwa tayari inasafiri.

Iliendelea kusafiri. Mwanzoni mwa karne ya 19, Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara wawili Waafrika waliotumwa na Wareno, walitembea kutoka Angola hadi Tete, Msumbiji, wakafika mwaka 1811. Baptista alijua kuandika, na katika shajara yake aliyataja mawe ya kijani yatoayo shaba katika nchi hizo. Upande wa mashariki habari zilifika kwa njia ya misafara. Watu wa Unyamwezi na Usumbwa walikwenda Katanga kununua shaba na kuirudisha kwao, ambako ilifuliwa masango na udodi, nyaya nene na nyembamba za kutengenezea vikuku, na sehemu yake ilisogea hadi pwani pamoja na pembe za ndovu. Livingstone, alipokuwa nchi ya Kazembe miaka ya 1867 na 1868, aliwakuta wafanyabiashara wa kutoka Unguja, akasikia kwao habari za malakiti ya Katanga na kuandika juu ya vipande vikubwa vya shaba vilivyobebwa na wapagazi.

Miongoni mwa waliofuata shaba hiyo alikuwamo Kalasa, Msumbwa mmoja, na mwanawe Ngelengwa. Kijana huyo alirudi Katanga katikati ya karne ile na hakutoka tena. Alijichumia urafiki wa machifu, akawasaidia vitani kwa bunduki zake, akawarithi wengine na kuwashinda wengine, hata akawa mwami wa dola kubwa ya Garenganze yenye makao yake Bunkeya. Jina analokumbukwa nalo ni Msiri. Watu wake waliitwa Wayeke. Sipendi kumpaka asali: dola yake ilisimama juu ya pembe za ndovu, chumvi na shaba, lakini pia juu ya watumwa, na waliotawaliwa naye walionja ukali wake. Hata hivyo katika ufundi wa shaba aliziunganisha nchi mbili. Wasanga walikuwa mabingwa wa kuyeyusha. Wayeke walikuja na ufundi wa kuvuta waya, wakipitisha shaba iliyopashwa moto katika tundu dogo la chuma, kisha dogo zaidi, mpaka ikawa nyembamba kama uzi. Bunkeya ikawa soko ambalo mtu wa Benguela, pwani ya Atlantiki, aliweza kukutana na mtu wa Bagamoyo.

Mwisho wake uliletwa na umaarufu wa hiyo hiyo shaba. Cecil Rhodes aliitaka Katanga kwa ajili ya Waingereza. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitaka kwa ajili yake mwenyewe. Mwaka 1891 Leopold alimtuma Kapteni William Stairs, aliyeanza safari Bagamoyo na watu zaidi ya 300, wengi wao wapagazi na askari wa pwani. Walifika Bunkeya katikati ya Desemba. Msiri alikataa kupokea bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba, Omer Bodson, afisa Mbelgiji wa msafara huo, alimpiga risasi na kumuua, naye Bodson akauawa na watu wa Msiri. Kichwa cha mwami kilikatwa na kutundikwa.

Wiki chache baadaye akafika Jules Cornet.

Alikuja na msafara mwingine wa Wabelgiji, ule wa Bia na Francqui, akiwa kijana wa miaka 27 hivi. Katika mwaka huo wa 1892 alizunguka vilima vya Katanga na nyundo yake, akakusanya mawe, akachora ramani ya miamba. Alikuwa mtaalamu hodari na simnyimi sifa yake. Maneno yanayosimuliwa kuwa ni yake, kwamba Katanga ni kashfa ya kijiolojia kwa wingi wa madini, yamerudiwa hata yamechakaa. Lakini alipofika kwenye vilima hivyo alikuta nini? Alikuta mashimo. Alikuta marundo ya mavi ya shaba, mirija iliyovunjika, njia zilizokanyagwa na vizazi. Kazi kubwa ya kuchagua kilima kipi kina madini na kipi hakina ilikuwa imekwisha kufanywa. Baadaye, mwaka 1899, George Grey alipoongoza msafara wa kampuni ya Tanganyika Concessions kutoka kusini, mambo yalikwenda vivyo hivyo: Kapijimpanga, chifu wa Wakaonde, ndiye aliyekubali kuonyesha machimbo ya kale ya Kansanshi, upande ambao leo ni Zambia. Kutoka hapo watu wa Grey walivuka kuingia Katanga na kwenda kutoka shimo la kale hadi shimo la kale, wakisimika vigingi. Migodi mikuu mingi ya shaba iliyofanya jina la Katanga duniani ilifunguliwa juu ya machimbo ya Waafrika au kando yake. Hayo hayakuwa siri kwa wazungu wa siku zile. Waliyaandika wenyewe katika ripoti zao. Yalisahauliwa baadaye, ripoti zilipofupishwa kuwa vitabu vya shule na vitabu vikafupishwa kuwa vijikaratasi.

Grey mwenyewe hakuiona shaba ya kwanza ya kampuni. Alijeruhiwa na simba katika tambarare za Athi na akafia Nairobi mwanzoni mwa mwaka 1911. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeanzishwa Oktoba 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Septemba 1910. Na tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ya tanuru la kisasa ilimiminwa. Mawe yake yalitoka Kalukuluku, mgodi wa kwanza wa kampuni hiyo, uliokuwa kilomita chache tu kutoka tanuruni. Fikiri ilivyokuwa katika miezi ile: wanaume wenye sululu na mabehewa madogo wakikibomoa kilima cha malakiti ngazi kwa ngazi, tani kwa tani, yote ikielekea motoni. Hapo ndipo macho ya mtu fulani yalipoona kwenye ufa buluu isiyofanana na nyingine, mkono ukaiokota, ikawekwa kando badala ya kwenda na mengine. Jina lililoandikwa ni la mwanajiolojia. La mwokotaji halikuandikwa.

Waliokuwa wakibomoa kilima hicho walitoka mbali: kwanza Rhodesia ya Kaskazini na nchi za jirani, baadaye Kasai, Rwanda na Burundi. Kwa kuelewana kazini walisema Kiswahili, na Kiswahili hicho kikawa lugha ya kambi, ya soko na hatimaye ya mji mzima. Ajabu yake ni kwamba Wabelgiji waliitaka lugha hiyo kwa sababu iliwakinga na Kiingereza kilichokuwa kikija na reli ya kusini. Wafanyakazi wakaichukua na kuifanya yao. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi historia ya Elisabethville kama ilivyokumbukwa na watu waliowatumikia wazungu majumbani, na anayetaka kujua mji ule wa shaba ulionekanaje kutoka jikoni na uani, hana kitabu kilicho bora kuliko hicho. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, alichora katika miaka ya 1970 historia nzima ya nchi yake kwenye turubai za bei nafuu, na hakusahau mgomo wa Desemba 1941, pale wafanyakazi wa Union Minière walipodai nyongeza ya mshahara wakati shaba yao inahudumia vita vya dunia, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi waliuawa. Katika michoro ya wachoraji wa mji huo bomba la moshi la kiwanda, lenye urefu wa mita 153, limesimama kama alama ya mji, na pembeni yake mlima mweusi wa takataka za tanuru.

Ule msalaba wa shaba haukufa. Moïse Tshombe alipotangaza Katanga imejitenga na Kongo, Julai 1960, bendera ya dola yake iliyodumu hadi Januari 1963 ilichorwa misalaba mitatu ya shaba, na waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri. Mobutu naye, mwaka 1971, aliliondoa jina la Katanga akauita mkoa huo Shaba, na ukaitwa hivyo hadi 1997. Kila mtawala alijua utajiri wa nchi uko wapi, na kila mmoja alitaka alama yake.

Niliyoyasema juu ya mwokotaji wa kornetiti yana uzito zaidi leo. Tanuru la zamani lilitaka jiwe teule, kwa hiyo lilimlazimisha mtu kulitazama. Viwanda vya sasa vya Katanga husaga mwamba wote kuwa tope, vikalimwagia asidi ya salfa. Malakiti hutokota ndani ya asidi, hewa ya kaboni ikipanda kwa mapovu, na baada ya muda hakuna jiwe tena, kuna maji ya buluu. Umeme hupitishwa, na shaba hujishika kwenye bamba ikiwa safi kwa asilimia 99.99. Ni ufundi wa kusifiwa, nao ndio ulioiwezesha Kongo kutoa sasa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba kwa mwaka na kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Anayeendesha gari katika barabara ya Tunduma amekwisha kukutana na malori yaliyobeba mabamba hayo, yakielekea bandari ya Dar es Salaam, uelekeo ule ule wa wapagazi wa Kisumbwa. Ila katika mtambo kama huo fuwele nzuri kuliko zote ina thamani sawa na tope lililo kando yake. Jiwe lenye umbo hubaki tu iwapo mtu ameliona kabla ya mashine kulifikia.

Na mwenye kuliona mara nyingi ni mchimbaji mdogo. Sehemu kubwa ya malakiti ya mapambo inayouzwa duniani leo hutoka Kongo, hasa tangu ile ya milima ya Ural, iliyopamba kumbi za wafalme wa Urusi, ilipokwisha. Wachimbaji hao huyatenga mawe yenye pete nzuri kwa sababu wanajua yana mnunuzi mwingine. Mafundi huyakata na kuyasugua kuwa mayai, vinyago na mikufu. Na hapa naomba kila fundi alowanishe jiwe kwa maji anapolikata na afunike pua, maana vumbi la malakiti ni sumu ya shaba inayoingia mapafuni. Jiwe likifika Brussels au Tucson huandikwa "Katanga" au "Kongo" basi. Shimo lililolitoa halitajwi, aliyelitoa halitajwi. Wakati mwingine mchimbaji mwenyewe huficha mahali kwa kuogopa kufukuzwa, na siwezi kumlaumu.

Makumbusho ya Afrika ya Kati yaliyoko Tervuren, Ubelgiji, yalifunguliwa upya Desemba 2018 baada ya ukarabati wa miaka mitano, yakiahidi kutazama upya jinsi yanavyoieleza Afrika. Mjadala umekuwa mkali juu ya vinyago na mifupa ya wahenga, na ni haki uwe mkali. Mawe hayatajwi sana. Nayo pia yalichukuliwa kutoka kwenye mashimo ya watu. Sidai kila kipande cha malakiti kirudi Lubumbashi kesho, ingawa baadhi ya vile vya kwanza, na kornetiti ya Kalukuluku ikiwa mojawapo, ningependa mwanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi avione bila kuomba viza. Ninachodai ni kidogo na hakina gharama: maelezo yaseme kwamba mahali hapo palikuwa na jina, kwamba palikuwa katika nchi ya machimbo ya kale, na kwamba waliomwonyesha njia mgeni walikuwa na elimu yao. Wanasayansi hutaja kwa uaminifu kazi za waliowatangulia. Waliofuata ua la shaba na kulijaribu jiwe kwa moto waliwatangulia wote.

Majina mengi bado yamo vinywani mwa watu. Kambove, Likasi, Kipushi, Kansanshi na Luiswishi yalipona kwa sababu kampuni ziliyaandika kama zilivyoyasikia. Mengine ya vilima vidogo, ya mito ya kuoshea, ya vibanda vya msimu, hayakuandikwa popote, na migodi ya wazi inavimeza vilima hivyo kimoja baada ya kingine. Wazee wa Kisanga, wa Kilamba na wa Kiyeke wanaoyajua wapo, Bunkeya kungali na Mwami Mwenda wa ukoo wa Msiri, na wanafunzi wenye simu za kurekodi na kuchukua alama za ramani wapo pia. Ni kazi ya kiangazi kimoja au viwili, tena ifanywe kabla mashine za kuchimba hazijafika kwenye kilima kinachofuata.